Kusuka magurudumu ya mauntini baiki za zamani zenye habu za ajabu ajabu: mwongozo kamili

Ukipata habu (kile kitovu cha katikati ya gurudumu) ya mauntini baiki (baiskeli ya milimani) ya miaka ya 80 au mwanzoni mwa 90 usikimbilie kununua spoku. Najua mkono unawasha, una ringi nzuri, una habu inayong'aa, unataka jioni hiyohiyo gurudumu lizunguke. Tulia kwanza, maana habu ndiyo itakayokwambia spoku za urefu gani, unene gani, zipishane mara ngapi na zivute upande upi, na usipoisikiliza utanunua spoku mara mbili kama mimi.

Mfano nitakaokwenda nao humu ni habu ya nyuma ya XC Pro Grease Guard ya SunTour, kampuni ya vipuri ya Japani, yenye matundu 32, ringi ya inchi 26. Nimeichagua kwa sababu naipenda sana na ina historia yake. Kule Marin County, California, miaka ya 70, akina Joe Breeze, Gary Fisher na Charlie Kelly walikuwa wanateremka milima na mabaiskeli mazito ya kizamani ambayo breki yake iko ndani ya habu ya nyuma, ile ya kurudisha pedeli kinyumenyume, wakifika chini grisi imeungua yote habu inatoa moshi, inabidi wafungue wajaze grisi upya, ndiyo maana ile njia wakaiita Repack na mashindano yake yakaanza 1976. Sasa mwaka 1982 hukohuko Marin ikazaliwa WTB, kampuni ya vipuri vya baiskeli ya Charlie Cunningham, Steve Potts na Mark Slate, na wao wakaja na Grease Guard: habu ina tundu dogo, unasukuma grisi mpya kwa bomba, ya zamani inatoka nje na uchafu wake, huna haja ya kufungua kitu. SunTour wakaichukua wakaiweka kwenye habu zao.

Kwetu huku hizi habu zinafika ndani ya makontena ya baiskeli za mtumba kutoka Ulaya na Japani, mara nyingi ringi imepinda au imelika na breki lakini habu bado nzima, na muuzaji wala hajui kashika nini.

Kagua habu kabla ya chochote

Kata spoku za zamani ukishatoa gia, sio kabla. Ukishakata spoku huna pa kushikia kufungua friwili (gia zinazofungwa kwa nyuzi kwenye habu), utabaki na habu mkononi na gia zimeng'ang'ania. Na hapo kwenye gia angalia vizuri, kaseti (gia zinazovalishwa kwenye meno ya habu) za SunTour za wakati ule meno yake ya ndani hayaingiliani na ya Shimano, kwa hiyo kama gia zimekwisha tafuta nyingine KWANZA, usisuke gurudumu zima halafu ukose cha kuvalisha.

Halafu piga picha. Piga picha gurudumu likiwa bado na spoku zake, upande wa cheni na upande wa pili, karibu kabisa na habu. Hii nitaeleza sababu.

Osha habu na mafuta ya taa, kausha, chukua tochi angalia zile sahani mbili zenye matundu (mafundi wengine wanaziita flanji, nami nitaita hivyo). Utaona kila tundu lina alama, kama mfereji mdogo uliochimbwa na shingo ya spoku, nusu inaelekea mbele nusu inaelekea nyuma. Alumini ni laini, spoku ya zamani imejitengenezea kitanda chake pale. Spoku mpya lazima ilale kwenye kitanda kilekile. Ukisuka kinyume, ile iliyokuwa inavuta mbele sasa inavuta nyuma, unachimba mfereji wa pili unaokatana na wa kwanza na nyufa zinaanzia hapohapo. Mimi nilipasua habu moja nzuri sana ya rangi ya zambarau hivyo, sikuangalia alama, nikasuka nilivyozoea, baada ya miezi michache nikasikia mlio kama kijiti kimevunjika, kuangalia kipande cha flanji kimeondoka na spoku mbili. Habu ile sijapata nyingine mpaka leo.

Angalia na nyufa kati ya tundu na tundu. Pitisha ukucha, ukikwama tia wasiwasi. Nyufa hata kama ya nywele, habu hiyo iweke kabatini kwa uzuri wake, usiiendeshe.

Kama ni habu ya koni na goroli za kawaida kama Deore XT ya Shimano, fungua uone koni zimechimbika au la. Hesabu yake ya kawaida ni goroli 9 za robo inchi kila upande nyuma, na 10 za inchi 3/16 kila upande mbele. Koni zinapatikana au zinachongwa, ila bakuli la ndani ya habu likiwa limechimbika hapo hamna dawa.

Kupima

Unahitaji venia kalipa (kipimo cha kubana), hata ile ya plastiki ya bei rahisi inatosha. Unapima vitu vinne.

Cha kwanza, upana wa habu nati hadi nati, pale inapogusa fremu. Mauntini za mwanzo nyingi ni milimita 130, kuelekea mwishoni mwa miaka ya 80 wengi wakahamia 135. Tuseme yako ni 135, nusu yake ni 67.5. Sasa pima kutoka uso wa nati ya upande wa cheni hadi katikati ya unene wa flanji ya upande huo, tuseme umepata 47.5. Toa: 67.5 kutoa 47.5 ni 20. Upande wa pili umepata 33.5, kwa hiyo 34. Hizo namba mbili, 20 na 34, ndiyo umbali wa kila flanji kutoka katikati ya gurudumu. Zishike, zitarudi.

Cha pili, kipenyo cha duara la matundu kwenye flanji, katikati ya tundu hadi katikati ya tundu linalotazamana nalo. Mfano wetu 45, nusu 22.5. Hapa pima flanji ZOTE mbili tafadhali. Kuna habu za zamani ambazo flanji ya upande wa cheni ni kubwa kuliko ya kushoto, ukidhani ziko sawa umeumia. Kwa mfano habu ya matundu 36 yenye 67 kulia na 45 kushoto, spoku zinatofautiana kama milimita 6, yaani 254 na 260, hiyo huwezi kuificha kwa kukaza.

Cha tatu, tundu lenyewe la spoku, mara nyingi 2.4 au 2.5.

Cha nne ni ringi. Usiamini namba iliyoandikwa mahali, ringi ya miaka 30 imevutwa na kupigwa mashimo, pima mwenyewe. Kata spoku mbili mbovu ziwe milimita 200 kamili kila moja, fungia nipeli (zile nati ndogo ndefu za ringi) mpaka ncha ya spoku ifike usawa wa chini ya ule mfereji wa bisibisi, zigandishe na gundi zisizunguke. Ingiza kwenye matundu mawili yanayotazamana, vuta zinyooke, pima pengo kati ya ncha zake. Pengo likiwa 140, jumlisha 400, jibu 540. Rudia sehemu nne tofauti kwenye ringi. Zikitofautiana milimita moja sawa, chukua wastani. Zikitofautiana tatu, ringi imekuwa yai, tafuta nyingine.

Hesabu ya urefu wa spoku

Usiogope, kikokotoo cha simu kinatosha kabisa. Nusu ya ringi 270, nusu ya flanji 22.5, spoku zipishane mara tatu, kila flanji ina matundu 16.

Pembe kwanza: 360 gawa 16 zidisha 3, unapata nyuzi 67.5. Cos yake ni 0.3827.

270 zidisha 270 ni 72900. 22.5 zidisha 22.5 ni 506.25. Jumlisha, 73406.25. Halafu 2 zidisha 270 zidisha 22.5 zidisha 0.3827, inakuja kama 4650. Toa. Unabaki na 68756. Hiyo ni ya pande zote mbili.

Upande wa cheni ongeza 20 kwa 20, yaani 400, tafuta kipeuo cha pili, 262.98, toa nusu ya tundu la spoku 1.25, jibu 261.7. Upande wa kushoto ongeza 34 kwa 34, yaani 1156, kipeuo chake 264.4, toa 1.25, jibu 263.2. Basi unanunua 262 kulia na 263 kushoto. Zifunge mafungu mawili na rababendi za rangi tofauti kabla hujaanza, maana milimita moja kwa macho huioni.

Spoku zenyewe

Spoku za stenlesi za 2.0, au zile zilizopunguzwa katikati kuwa 1.8 zikabaki 2.0 kwenye ncha. Hizi za pili ni bora kwa ringi ya zamani, zinavutika kidogo gurudumu likigonga jiwe kwa hiyo hazilegei haraka, na bei sio mbali sana. Zile za 1.5 katikati ziache kwa gurudumu la mbele na kwa mtu mwenye uzoefu, zinajisokota mno.

Spoku za dukani za baiskeli za Phoenix ni ndefu sana kwa inchi 26, na zile nene hazipiti kwenye tundu la 2.4. Usije ukatoboa flanji kwa drili ili spoku nene iingie!! Unaondoa nyama ileile inayoshikilia spoku. Fundi mwenye mashine ya kubana nyuzi anaweza kukufupishia spoku nzuri, mradi mashine iwe ya kukandamiza nyuzi na sio ya kuchonga, iliyochongwa inakatika pale pale kwenye uzi.

Nipeli nunua za shaba. Za alumini ni nyepesi na zina rangi nzuri lakini kama uko Tanga, Mombasa, Unguja, popote pale hewa ina chumvi, ndani ya miaka michache zinaliwa zinageuka unga mweupe, siku unataka kunyoosha ringi zinavunjika moja baada ya nyingine.

Ingiza spoku moja kwenye flanji uivute uone shingo inavyokaa. Ikilala imegusana na flanji safi. Ikiwa inaning'inia, flanji nyembamba na shingo ndefu, weka washa (pete bapa) ndogo ya shaba chini ya kichwa cha spoku. Kazi ya kuchosha, ila spoku inayocheza shingoni itakatika shingoni.

Kusuka

Weka tone la mafuta kwenye uzi wa kila spoku, na tone dogo kwenye kila tundu la ringi. Mafuta ya kitani yanafaa zaidi kwa sababu yakikauka yanashika, ukikosa tumia oili ya kawaida.

Kaa chini, habu mapajani, upande wa cheni ukutazame, valvu ya ringi juu. Kama picha zako na alama za flanji zinaonyesha mpangilio mwingine fuata huo, nitakaoeleza ndio wa kawaida.

Spoku 8 za kwanza zinaingia flanji ya kulia, kutoka nje kwenda ndani, kichwa kibaki nje, unaruka tundu moja moja. Ya kwanza kabisa inakwenda kwenye ringi kulia kwa valvu. Matundu ya ringi yanainama, moja upande huu moja upande ule, kwa hiyo kama tundu la kwanza kulia kwa valvu limeinamia upande wako weka hapo, kama limeinamia upande wa pili weka tundu la pili. Baada ya hapo kila spoku tundu la nne. Nipeli zungusha mara tatu nne tu, zikae zinalegea.

Sasa za flanji ya kushoto, 8 nyingine, vichwa nje vilevile. Hapa ndipo watu wanapopotea. Yale matundu mawili ya kwanza kulia kwa valvu, moja lina spoku tayari, hili lingine ndilo la spoku ya kwanza ya kushoto. Na kwenye habu vilevile: pitisha spoku moja sambamba na ekseli kutoka tundu la kulia, utaona upande wa kushoto inaangukia katikati ya matundu mawili. Chagua tundu la upande uleule uliosogea kwenye ringi. Ukimaliza zile spoku mbili zinakwenda sambamba bila kukatana. Zikikatana umekosea tundu moja, toa zote nane, usijidanganye kwamba itajirekebisha.

Shika habu, izungushe kwa nguvu ya wastani kuelekea saa inakozungukia, ukiwa bado unatazama upande wa cheni. Spoku zitalala na ile ya karibu na valvu itainama kukimbia valvu. Vizuri, pampu itapata nafasi ya kuingia.

Sasa spoku za kupisha. Ingiza kutoka ndani kwenda nje, kichwa kibaki ndani, ielekee upande wa pili. Inakutana na spoku tatu za flanji yake: mbili za kwanza inapita juu yake, ya tatu inapita CHINI, yaani inaikunja kidogo kwa ndani, ndipo inaingia kwenye tundu la ringi linaloinamia upande wake. Spoku itataka kupinda, ipinde taratibu kwa mkono, haidhuriki. Maliza 8 za kulia, geuza, maliza za kushoto. Ukifika ya mwisho tundu lililobaki na spoku iliyobaki zinatazamana zenyewe. Kila nikifika hapo nafurahi kama mara ya kwanza.

Habu za spoku zilizonyooka

Kuna habu za miaka ya 90, kwa mfano Pulstar, na Mavic Crossmax, ambazo spoku zake hazina shingo, zimenyooka moja kwa moja. Hesabu ya juu haifai hapa. Chukua spoku ndefu yoyote iliyonyooka, ipitishe kwenye njia yake mpaka kwenye ringi, weka alama, ndio urefu wako, fanya hivyo pande zote mbili. Njia ya spoku imeamuliwa na habu, huna uchaguzi. Na wakati wa kukaza spoku nzima inazunguka na nipeli, kwa hiyo ishike kwa koleo lililofungwa kipande cha ngozi au mpira wa tyubu. Crossmax ya nyuma upande wa cheni spoku zimenyooka bila kupishana na zinapishana upande wa kushoto, ni mpango wao wa kusawazisha mkazo, habu ilichorwa kwa kazi hiyo. Usiige kwenye habu ya kawaida ya zamani, flanji itachanika.

Kukaza na kunyoosha

Kama huna stendi geuza baiskeli juu chini, funga tai mbili za plastiki (zile kamba za kufungia nyaya) kwenye fremu, kata ncha zake zikaribie ringi. Hiyo ndiyo stendi.

Anza kwa usawa: kaza kila nipeli mpaka uzi wa mwisho uzame tu, zote 32 sawa. Kisha nusu mzunguko kila moja kuanzia valvu hadi valvu. Upande wa cheni zikiwa na mkazo kidogo ndipo unaanza kunyoosha. Kwanza kupanda na kushuka, halafu kushoto na kulia, halafu katikati, halafu unarudia. Ringi ikienda kulia, kaza za kushoto pale na legeza za kulia pale, robo mzunguko tu kwa wakati mmoja.

Kuangalia kama ringi iko katikati ni rahisi, toa gurudumu ligeuze, kulia kuwe kushoto, rudisha. Ringi ikiangukia palepale kwenye alama iko katikati. Ikihama milimita 4, isogeze 2.

Spoku nyembamba zinajisokota. Bandika kipande cha tepu kama bendera kwenye spoku, kaza nipeli, utaona bendera inageuka na spoku ikakaa imejisokota. Dawa yake ni kuzidisha robo mzunguko kisha kurudisha robo, bendera inarudi palepale. Ukiliacha limejisokota utasikia pingi pingi siku ya kwanza barabarani, na ringi inapinda tena.

Mkazo: kwa ringi za zamani kama Araya RM-20 mimi huishia kilo 100 hivi upande wa cheni, sipiti hapo. Kushoto kutakuwa kumelegea zaidi na hilo ni sawa, zile namba 20 na 34 ndizo zinaamua, 20 gawa 34 ni kama asilimia 59, kwa hiyo 100 kulia inataka kama 59 kushoto. Usijaribu kuzifanya ziwe sawa, utaihamisha ringi kutoka katikati. Kama huna kipimo gonga kwa ukucha usikilize mlio, linganisha na gurudumu zuri lenye spoku za unene na urefu huohuo. Spoku za upande mmoja ziimbe sauti moja. Ile inayotoa sauti nzito peke yake imelegea, na jirani zake wanabeba mzigo wake.

Kabla ya kumaliza, vaa glavu, shika spoku mbili mbili zinazokwenda sambamba ubane kwa nguvu zako zote, zunguka gurudumu lote. Shingo zinakaa kwenye vitanda vyake, chuma kinatulia. Mhandisi Jobst Brandt alilisisitiza sana hili na mimi nimeona tofauti, tangu nianze kubana hivi spoku hazinikatikii shingoni. Ringi itatoka kidogo, nyoosha tena, bana tena, mpaka ukibana isihame. Mwisho wa siku kama inacheza chini ya nusu milimita nzuri kabisa.

Valisha utepe wa ringi, tairi, endesha kilomita 50 kwenye njia ya vumbi na mawe, rudi ukague mkazo. Na kama ni Grease Guard, siku ukipita kwenye matope au mto, futa lile tundu dogo, weka bomba, zungusha gurudumu taratibu huku ukisukuma. Itatoka nyeusi kwanza, halafu ya kijivu yenye mchanga, endelea tu mpaka itoke safi kama ulivyoiingiza.